Kupitisha waya wa spika ndani ya ukuta wa tofali: konduti kwanza, waya baadaye

Waya wa spika uliofukiwa moja kwa moja kwenye lipu hufanya kazi vizuri siku ya kwanza. Shida huanza mtu anapogonga msumari wa picha mahali asipojua kuna waya, au unapogundua baada ya rangi kukauka kwamba waya mmoja ulikatika wakati fundi anapiga lipu. Hapo dawa ni moja tu, kupasua ukuta upya. Kwa hiyo kinachofukiwa ukutani kiwe konduti, ile paipu ya plastiki ya mafundi umeme. Waya huingia mwishoni, na lazima uweze kuutoa na kuweka mwingine bila kugusa lipu.

Maelezo haya yanalenga nyumba za kawaida za kwetu: kuta za tofali za saruji za inchi 5 au 6, lipu pande zote mbili, dari ya gipsamu au mbao chini ya mabati, na umeme wa volti 230 hadi 240. Nyumba za mawe za pwani na zile za mbao za ughaibuni zina taratibu zake. Tutazigusa kabla ya kumaliza.

Spika zikae wapi, na waya uwe mita ngapi

Anza na kiti, si na ukuta. Kaa mahali utakapokuwa unakaa, upime urefu wa sikio lako kutoka sakafuni. Kwa watu wengi ni kati ya sm 90 na 110. Spika za mbele ziwe na kipaza kidogo cha sauti nyembamba katika usawa huo, kila moja ikiwa kwenye pembe ya nyuzi 22 hadi 30 kutoka mstari ulionyooka kati yako na televisheni. Kwa mfumo wa 5.1 (spika tano na sabufa moja), spika za pembeni hukaa nyuzi 90 hadi 110, yaani ubavuni mwako au nyuma kidogo, zikiwa kama sm 60 juu ya sikio. Spika hizo zikiwekwa juu kabisa kwenye kona ya dari, kama ilivyo desturi kwenye sebule nyingi, sauti hudunda kwenye kuta mbili na dari kabla ya kukufikia.

Chukua sebule ya mita 4.5 kwa 6, televisheni katikati ya ukuta mfupi, dari ikiwa mita 2.8. Boksi la ukutani la amplifaya, ambamo nyaya hutokea, liko sm 40 kutoka sakafuni. Waya wa spika ya ubavuni unapanda mita 2.6 hadi juu kidogo ya dari, unakwenda mita 2.25 hadi ukuta wa pembeni, unafuata ukuta mita 4.2, kisha unashuka mita 1.4 hadi kwenye boksi lililo mita 1.6 kutoka sakafuni. Jumla ni mita 10.45. Ongeza nusu mita kila mwisho, halafu asilimia 10 ya akiba: unahitaji karibu mita 13. Spika ya mbele inapanda mita 2.6, inakwenda 1.5, inashuka 2. Ukiongeza akiba hiyohiyo ni mita 8. Ya katikati, iliyo chini ya televisheni, mita 2 zinatosha. Kwa hiyo 13 mara mbili, 8 mara mbili na 2 ni mita 44. Roli moja la mita 50 linakidhi.

Watu hukosea hapa kwa kupima mstari wa moja kwa moja kutoka amplifaya hadi spika. Waya haupiti hewani. Unapanda, unapita juu, unashuka, na kupanda na kushuka kwenyewe ni mita nne.

Unene wa waya

Waya mwembamba hula nguvu ya amplifaya, na, baya zaidi, hubadilisha sauti. Spika iliyoandikwa ohm 8 (ohm ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme) haibaki kwenye 8: hupanda na kushuka kufuatana na sauti inayopigwa, na ukinzani wa waya ukiwa mkubwa, baadhi ya sauti hupungua kuliko nyingine. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ohm za spika.

Jozi ya shaba yenye urefu wa mita 10 ina takriban ohm 0.52 ikiwa waya ni wa 0.75, ohm 0.27 ukiwa wa 1.5, ohm 0.16 ukiwa wa 2.5, na ohm 0.1 ukiwa wa 4. (Namba hizo ni milimita za mraba, kama zilivyoandikwa kwenye ganda la waya.) Kwa spika ya ohm 8, waya wa 1.5 unakufikisha mita 15 na wa 2.5 mita 25. Kwa spika ya ohm 6 ni mita 11 na 19. Kwa ya ohm 4 ni mita 7.5 na 12.5 tu. Ule mwembamba wa 0.75, mwekundu na mweusi, unaokuja bure ndani ya katoni ya redio, hauvuki mita 7 hata kwa spika ya ohm 8. Usiufukie.

Katika sebule ya mfano wetu, mita 13 za waya wa 1.5 zina ohm 0.35. Kwa spika za ohm 8 inapita. Kwa spika za ohm 6, ambazo zimejaa kwenye seti za dukani, imezidi. Waya wa 2.5 una ohm 0.21 kwa urefu huohuo. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kupasua ukuta, nunua 2.5 kwa nyaya zote na usihesabu tena.

Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba. Dukani unang'aa sawasawa na kopa halisi, ila ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu, hukatika upesi ukikunjwa mara kadhaa, na huota kutu kwenye skrubu, hasa Mombasa, Tanga au Unguja ambako hewa ina chumvi. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ndani pakiwa peupe, ni alumini. Njia ya pili ni mizani. Roli la mita 100 la jozi ya 2.5 lina kilo 4.4 hivi za shaba peke yake kabla hujahesabu plastiki, la 1.5 lina kilo 2.7. Roli lililoandikwa 2.5 linalobebeka kwa kidole kimoja ama si shaba ama si 2.5. Ukiwa pwani na ukipata waya ambao nyuzi zake zimepakwa bati, lipia.

Kuna mafundi wanaopendekeza kutumia waya mmojammoja wa umeme wa nyumba, mwekundu na mweusi, kwa sababu upo na ni kopa safi. Sauti itatoka, hilo ni kweli. Hatari iko miaka mitano mbele: fundi mwingine atafungua boksi, aone waya wa umeme, auunge kwenye soketi akidhani ulisahaulika. Waya wa spika uonekane kuwa wa spika, uwe na ganda la nje, na uandikwe.

Njia: panda darini, shuka wima

Mfereji wa mlalo hudhoofisha ukuta kuliko wa wima. Kanuni inayofuatwa katika ujenzi ni kina kisichozidi theluthi ya unene wa ukuta kwa mfereji wa wima, na sudusi kwa wa mlalo. Kwenye tofali la inchi 6 hiyo ni mm 50 kwa wima na mm 25 kwa mlalo. Kwenye la inchi 5 ni mm 41 na mm 20. Konduti ya mm 20 inayotaka kufunikwa na mm 12 hadi 15 za saruji ikilala mlalo kwenye kuta hizo hukaribia sana kikomo hicho au hukivuka. Ndiyo sababu safari zote ndefu ziwe juu ya dari, na ukutani kuwe na kushuka wima tu. Tofali likiwa na matundu ndani, kina kiwe kidogo zaidi, maana ganda la tofali lenyewe ni jembamba.

Kwenye nyumba nyingi za Tanzania kuna lenta ya zege inayozunguka nyumba nzima juu ya madirisha, nayo imekatiza njia yako ya kushukia. Kama nyumba bado inajengwa, weka kipande cha konduti wima ndani ya boksi la mbao la lenta kabla zege halijamwagwa, ukizibe ncha zote mbili kwa karatasi na tepu. Nyumba ikiwa tayari, pita usoni mwa lenta ndani ya unene wa lipu, ukikwangua zege kidogo tu. Hapo konduti bapa, likipatikana, ndilo linalofaa. Ukiona nondo, simama. Nondo haikatwi kwa ajili ya spika, na nguzo za zege haziguswi kabisa.

Usipitishe konduti chini ya sakafu ya chini ya nyumba. Maji hukusanyika humo na hayana pa kutokea.

Kabla ya kuwasha grainda

Nyaya za umeme zilizofukiwa vizuri hushuka wima juu ya swichi na soketi, au hupita mlalo kati ya soketi mbili zilizo usawa mmoja, au hukaa ndani ya sm 15 kutoka pembe ya ukuta na dari. Chora njia yako mbali na maeneo hayo. Lakini usiamini kwamba aliyeweka umeme alifuata utaratibu: nyaya zinazokatiza mshazari ili kuokoa mita moja ni jambo la kawaida. Panda darini uone konduti za umeme zinashukia wapi, kisha pitisha kifaa cha kutambua nyaya na chuma juu ya njia yote. Ukuta unaopakana na bafu au jiko una mabomba ya maji; tafuta mstari wa wima wa kila bomba na koki.

Zima saketi za chumba hicho kwenye kisanduku cha breka, na upime kila soketi na swichi kwa tesita kuthibitisha kwamba imekufa. Nyumba yenye inveta au sola ina chanzo cha pili ambacho swichi kuu haikizimi. Zima na hicho. Umeme wa grainda uvute kwa ekstensheni kutoka saketi nyingine yenye kinga ya mvujo (breka inayokata umeme unapovuja).

Vumbi la tofali na zege lina chembe za silika zinazoharibu mapafu. Kitambaa puani hakitoshi. Vaa barakoa ya vumbi inayobana usoni, miwani, na kinga ya masikio. Nyunyizia ukuta maji kidogo kidogo kwa chupa, bila kulowesha grainda. Kinga ya diski isitolewe, hata fundi akisema inamzuia kuona mstari.

Kutindua, konduti na maboksi

Piga mistari miwili kwa chaki na pima maji, ikiachana mm 28 kwa konduti ya mm 20, au mm 33 kwa ya mm 25. Kata mistari yote miwili kwa grainda hadi kina unachotaka, ndipo utoe katikati kwa tindo na nyundo. Anayetindua bila kukata kwanza hupata mfereji wa upana wa mkono na lipu iliyoachia ukuta pembeni. Kina cha mfereji kinahesabiwa kutoka uso wa lipu: mm 20 za konduti na mm 12 hadi 15 za kifuniko ni hadi mm 35. Lipu yenyewe ikiwa mm 15, tofali linapoteza mm 20 tu.

Konduti ya mm 20 ina nafasi ya ndani kama mm 16 au 17, nayo inabeba waya mmoja wa jozi ya 2.5 wenye ganda la mviringo. Ya mm 25 inabeba mbili. Usishawishike na ukweli kwamba wa pili unaingia kwenye ya mm 20 ukisukuma. Utaingia mita mbili za mwanzo, kisha utakwama kwenye kona na kuchubuka. Kwa sebule ya mfano, weka konduti mbili za mm 25 kupanda kutoka boksi la amplifaya, moja kwa kila upande wa chumba. Zikifika darini, kila moja iishie kwenye boksi la kuvutia waya, na kutoka hapo konduti za mm 20 ziende kwenye spika. Zikiuzwa kwa vipande vya mita 3, hiyo ni vipande 2 vya mm 25 na 8 vya mm 20. Nunua 9, kipande kimoja huharibika wakati wa kukunja.

Kona zikunjwe kwa springi ya kukunjia inayoingizwa ndani ya konduti, zisiwe za viungo vya mraba vilivyonunuliwa. Kunja taratibu juu ya goti, kwa robo duara pana. Konduti ikigeuka nyeupe kwenye kona imechoka, itupe. Kati ya sehemu moja ya kuvutia na nyingine pasiwe na zaidi ya kona mbili za nyuzi 90. Ya tatu ikihitajika, ongeza boksi. Kila ncha iliyokatwa kwa msumeno ina makali ndani: yakwangue kwa kisu au tupa ya mviringo. Viungo vyote vipakwe gundi ya PVC, maana maji ya saruji hupenya kwenye kiungo kikavu na kuziba ndani.

Juu ya dari pia tumia konduti, ikibanwa kwenye mbao kila baada ya mita moja hivi. Si kwa ajili ya unadhifu. Panya hutafuna ganda la waya, na waya ulio wazi juu ya gipsamu ni chakula chao. Joto chini ya mabati nalo huwa kali mchana, kwa hiyo ganda la waya liwe la kuhimili nyuzi 70 za Selsiasi.

Maboksi ya ukutani yawe na kina cha mm 47. Yale ya mm 35 yanatosha kwa swichi, ila bamba la spika, yaani kifuniko cha boksi cha kuungia waya, lina skrubu ndefu nyuma yake, na waya wa 2.5 haupendi kukunjwa ghafla. Upande wa amplifaya weka boksi pana lenye nafasi ya jozi tano. Boksi lisiwe na umeme wa nyumba ndani yake hata kidogo, hata kama linatenganishwa na kipande cha plastiki ulichokata mwenyewe.

Wakati mfereji uko wazi, fikiria kuongeza konduti ya mm 32 kati ya amplifaya na televisheni. Plagi ya HDMI haipiti kwenye mm 25, na kuikata na kuiunga tena haiwezekani kwa mikono ya kawaida.

Umbali kutoka kwenye umeme

Weka sm 30 kati ya konduti ya spika na ya umeme zinapokwenda sambamba. Zikilazimika kukutana, zikatize kwa pembe mraba. Zisiingie kwenye konduti moja kwa hali yoyote.

Sababu inayotajwa sana ni mngurumo wa umeme kwenye sauti, lakini kwa waya wa spika hiyo ni sababu ndogo: ishara yake ina nguvu na mngurumo hauingii kirahisi. Sababu ya kweli ni usalama. Ganda la waya wa spika mara nyingi halikutengenezwa kuzuia volti 240. Nyaya mbili zikisuguana ndani ya konduti moja hadi maganda yachubuke, umeme wa nyumba unafika kwenye skrubu za spika ambazo watoto wanazigusa, na amplifaya inaungua njiani.

Mambo ni tofauti kwa sabufa yenye amplifaya yake ndani. Kinachoiendea ni ishara dhaifu, na hiyo kweli hudaka mngurumo. Itumie waya wa koaksia (aina ya waya wa antena) wa ohm 75, kama RG-6 au RG-59, ndani ya konduti yake, na umbali wa sm 30 uuheshimu kuliko kwingine kote. Sabufa hiyo inahitaji soketi ya umeme: iwekwe na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, yaani EWURA kwa Tanzania Bara au EPRA kwa Kenya. Kufukia waya wa plagi ukutani ili usionekane ni kutafuta moto.

Mifumo ya misikiti, makanisa na kumbi inayotumia laini ya volti 100 haihusiki hapa. Volti hiyo inaumiza, na hushughulikiwa kama umeme.

Lipu

Kabla ya kufunika, vuta kamba ya nailoni ndani ya kila konduti. Njia ya haraka: funga kipande cha mfuko laini wa plastiki kwenye ncha ya kamba na unyonye upande wa pili kwa mashine ya kufyonza vumbi. Kamba isipopita leo, waya hautapita kesho, na leo bado unaweza kurekebisha. Usitumie waya wa kufungia nondo kama kamba ya kudumu. Hushika kutu na kukwaruza plastiki.

Piga picha ya kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imefunguliwa kutoka sakafuni na kutoka kwenye kona ili vipimo vionekane ndani ya picha. Zihifadhi pamoja na ramani ya nyumba.

Lowesha mfereji, ondoa vumbi, jaza kwa mchanganyiko wa saruji 1 na mchanga 4 hadi usawa wa tofali. Ukishika, bandika wavu wa kuku unaozidi mfereji sm 5 kila upande, ndipo upige lipu ya juu. Bila wavu utaona ufa mwembamba ukifuata mfereji baada ya miezi kadhaa, kwa sababu saruji mpya hunywea na ya zamani haisogei. Mwagilia siku tatu. Maboksi yajazwe karatasi ili fundi lipu asiyazibe, atayaziba.

Kuvuta waya

Subiri lipu ikauke. Menya sm 10 za ganda la nje, punguza nyuzi ili ncha iwe nyembamba, ifunge kwenye kamba, na uzungushie tepu kuanzia kwenye kamba kurudi kwenye waya, isibaki ngazi ya kukwama kwenye kiungo. Mmoja asukume, mwingine avute, wakiongea. Paka waya poda. Usitumie grisi wala mafuta ya kupikia, maana hulainisha plastiki na kuvuta wadudu. Ukikwama, rudisha sm 30 na ujaribu tena. Ukivuta kwa nguvu za mwili mzima, nyuzi za ndani hukatika huku ganda likionekana zima.

Nyaya zikiwa mbili kwenye konduti moja, zivutwe kwa pamoja, na kamba mpya ziende nazo zibaki humo. Acha sm 30 ndani ya kila boksi, na andika jina kwa kalamu isiyofutika kila upande: mbele kushoto, pembeni kulia, na kadhalika. Waya usiungwe katikati ya ukuta. Ukipungukiwa, vuta mwingine mzima.

Kupima na kuunga

Kabla ya kuunga chochote, pima kila jozi kwa multimita. Ncha za mbali zikiwa wazi, isionyeshe mguso wowote. Zisokote pamoja upande wa mbali: jozi ya mita 13 ya 2.5 itaonyesha ohm 0.2, ukitoa ukinzani wa nyaya za multimita yenyewe (zigusanishe kwanza uone ni kiasi gani). Ikionyesha ohm 2 au 3, kuna nyuzi zilizokatika.

Menya mm 10 hadi 12 tu na usokote nyuzi zikaze. Uzi mmoja uliochomoza na kugusa skrubu ya jirani unatosha kuichoma amplifaya. Kwenye skrubu za kubana usipake risasi ya kulehemu, kwani hulegea taratibu chini ya shinikizo. Tumia vifuniko vidogo vya chuma vya kubana, au plagi za banana.

Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, spika zote. Kuhakikisha, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za upande wa amplifaya kwa nusu sekunde, chanya kwenye nyekundu: koni kubwa ya spika isogee mbele. Ikirudi nyuma, waya umegeuzwa mahali fulani. Usiache betri ikiwa imegusa, na usitumie ya volti 9.

Nyumba za mawe, na nyumba za mbao

Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na zimo kwenye maeneo ya urithi wa dunia. Usitindue. Chokaa huachia vipande vikubwa, mawe yana chumvi, na ruhusa hupatikana kwa shida. Tumia mifereji myembamba ya plastiki juu ya ukuta, kando ya boriti, ukiipaka rangi ya chokaa.

Marekani na Kanada ukuta ni mbao zilizoachana inchi 16, zikifunikwa na gipsamu. Huhitaji kutindua: unatoboa mbao ya juu kutoka darini na kuuteremsha waya. Lakini sheria inadai waya wenyewe uwe na daraja la kutosambaza moto. Marekani tafuta maandishi CL2 au CL3 kwenye ganda, Kanada FT4. Mbao ya mlalo unayoweza kuikuta katikati ya ukuta mara nyingi ni kizuizi cha moto. Ukiitoboa, tundu lizibwe kwa silanti ya kuzuia moto.

Sauti ikikataa

Sauti ikiwa nyembamba na besi haipo, geuza nyaya za spika moja tu ya mbele usikilize: besi ikirudi, chanya na hasi zilibadilishana. Amplifaya ikijizima unapopandisha sauti, chomoa jozi mojamoja upime kama kuna mguso. Mara nyingi ni uzi uliochomoza nyuma ya bamba, au bamba limebana waya kwenye ukingo wa boksi. Spika ikikatakata ukigusa bamba, skrubu imelegea.

Mngurumo unaotoka kwenye sabufa peke yake kwa kawaida hausababishwi na ukuta. Chomeka sabufa na amplifaya kwenye soketi moja. Ukiisha, tatizo lilikuwa njia mbili tofauti za kwenda ardhini. Ukibaki, chomoa waya wa antena au wa king'amuzi nyuma ya amplifaya. Dishi lililofungwa kwenye paa lina njia yake ya kwenda ardhini, na hapo ndipo mngurumo huingilia mara nyingi.